Upasuaji wa Mtoto wa Jicho: Yahesabiwe Macho Yanayoona



Mwezi Mei mwaka 2021, Mkutano Mkuu wa 74 wa Afya Duniani uliazimia kwamba ifikapo mwaka 2030, kiwango cha upasuaji wa mtoto wa jicho wenye matokeo mazuri kiwe kimepanda kwa pointi 30 za asilimia. Huenda azimio hilo likapita masikioni mwa wengi kama yapitavyo maazimio mengine. Lakini ndani yake limo jambo linalostahili kuzingatiwa na kila serikali ya Afrika Mashariki na Kati, nalo ni hayo matokeo mazuri. Wajumbe hawakuishia kusema kwamba macho mengi zaidi yapasuliwe. Walikubaliana kwamba wa kuhesabiwa ni yule aliyepasuliwa akaona. Aliyepasuliwa akabaki gizani hamo katika hesabu hiyo.

Kipimo chenyewe ni rahisi kukieleza. Mtu huhesabiwa kuwa amefaidika ikiwa, akisimama umbali wa mita 6 kutoka kwenye ubao wa herufi, anaweza kusoma kile ambacho jicho zima hukisoma kwa mita 12. Swali linaloulizwa katika kila nchi ni hili: kati ya wote waliohitaji upasuaji huo, ni wangapi waliofikia hapo?

Ili kulielewa swali hilo yafaa kwanza kuufahamu ugonjwa wenyewe. Nyuma ya mboni ya jicho ipo lenzi, iliyo angavu kama maji ya kisima kilichotulia. Kazi yake ni kukusanya mwanga na kuuelekeza nyuma ya jicho, mahali picha inapopokelewa. Umri unapoendelea, lenzi hiyo huanza kuingia ukungu. Ugonjwa wa kisukari, uvutaji wa sigara, jeraha la jicho na matumizi ya muda mrefu ya baadhi ya dawa huweza kuuharakisha ukungu huo. Mgonjwa haumwi, hufifia kuona kidogo kidogo mpaka akabaki kutofautisha mchana na usiku tu. Hakuna dawa ya matone, ya kumeza wala ya mitishamba iondoayo ukungu huo. Tiba ni moja tu, nayo ni upasuaji. Mwaka 2020 ilikisiwa kwamba watu wapatao milioni 15 duniani, wenye umri wa miaka 50 na kuendelea, walikuwa vipofu kwa sababu ya ugonjwa huu unaotibika.

Kwa miaka mingi upasuaji huo ulikuwa kuondoa tu lenzi iliyoharibika bila kuweka nyingine. Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki mpaka miaka ya 1980. Mgonjwa alipewa miwani yenye vioo vinene, ambayo ilikuza vitu kupita kiasi na kumfanya akose kikombe alichonyooshea mkono, au ajikwae penye ngazi. Na siku miwani hiyo ilipovunjika, au ilipopotea njiani kwenda shambani, mzee huyo alirudi kuwa kipofu, ingawa katika daftari la hospitali aliandikwa kuwa amepona.

Mabadiliko yalianza mahali pasipotarajiwa. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, daktari Mwingereza Harold Ridley alichunguza marubani walioingiwa machoni na vipande vya plastiki ya vioo vya ndege zao. Aliona kwamba plastiki ile iliweza kukaa ndani ya jicho kwa muda mrefu bila kuliwasha. Tarehe 29 Novemba 1949, katika Hospitali ya St Thomas' mjini London, alimwekea mgonjwa lenzi ya plastiki ya namna hiyo. Wenzake wengi walimpinga, na lenzi zile za mwanzo zilileta matatizo yasiyo machache. Ilipita miaka kama 30 kabla kazi yake haijakubaliwa kila mahali.

Hata ilipokubaliwa, bei ilikuwa kizuizi kwa nchi maskini. Hapo ndipo nchi zenyewe zinazoendelea zilipochukua hatua. Mwaka 1992 kiwanda cha Aurolab kilianza kutengeneza lenzi mjini Madurai, India. Mwaka 1994 viwanda vingine vilifunguliwa Kathmandu, nchini Nepal, na Asmara, nchini Eritrea, kwa msaada wa mfuko ulioanzishwa kwa jina la daktari Fred Hollows wa Australia, ambaye alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Yafaa kukumbuka kwamba Eritrea ilikuwa imetoka tu katika vita vya miaka 30. Bei ya lenzi moja ikashuka hadi chini ya dola 10 za Marekani. Wakati huo huo ulienea ufundi wa kupasua kwa kidonda kidogo kinachojifunga chenyewe bila kushonwa na bila mashine za gharama kubwa. Mgonjwa hupigwa sindano ya ganzi, kazi huchukua dakika chache, na kwa kawaida kesho yake hufunguliwa kitambaa akaondoka kwa miguu yake.

Kwa hiyo leo hakuna sababu ya kusema kwamba tiba ni ghali mno au ni ngumu mno. Linalobaki ni ubora wa kazi.

Mwaka 2005, katika wilaya ya Nakuru nchini Kenya, walipimwa watu zaidi ya 3,500 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea. Ilionekana kwamba mtoto wa jicho ndio uliokuwa chanzo kikubwa kuliko vyote cha upofu. Lakini lilionekana jambo jingine. Kati ya macho yaliyokwisha kupasuliwa, takriban jicho 1 katika kila 5 lilikuwa na matokeo mabaya. Ni kweli kwamba uchunguzi wa namna hiyo hukusanya pamoja kazi ya miaka mingi, ya zamani na ya karibuni. Hata hivyo, ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba matokeo mabaya yasizidi macho 5 katika kila 100. Tofauti kati ya hesabu hizo mbili ni watu wenye majina yao, waliouza mbuzi wakapata nauli, wakavumilia kisu, na wakarudi nyumbani wakishikwa mkono kama walivyokwenda.

Sababu za matokeo mabaya zinajulikana. Ya kwanza ni kumchagua mgonjwa bila kumpima vizuri. Jicho lililokwisha haribiwa na presha ya macho, au lenye ugonjwa wa sehemu ya nyuma, haliwezi kurudishiwa nuru kwa kubadilishiwa lenzi, na mgonjwa ana haki ya kuambiwa hivyo mapema. Ya pili ni ajali za upasuaji wenyewe. Lenzi hukaa ndani ya kifuko chembamba mno. Kifuko hicho kikipasuka upande wa nyuma, ute wa jicho husogea mbele, na hatari huongezeka. Vijidudu navyo vikiingia, jicho zima huweza kupotea kwa siku chache. Kinga yake si ya gharama kubwa: kulisafisha jicho kwa iodini kabla ya kupasua, na kutia dawa ya kuua vijidudu ndani ya jicho mwishoni.

Sababu ya tatu ni lenzi isiyomfaa mgonjwa. Macho ya watu hayalingani urefu, na kila jicho hutaka lenzi ya nguvu yake. Pasipokuwapo vyombo vya kulipima, watu wote huwekewa lenzi za nguvu moja, na wengine hubaki wakihitaji miwani ambayo hakuna anayewapimia. Ya nne huja baadaye. Miezi au miaka baada ya upasuaji, kile kifuko kilichoachwa kushikilia lenzi mpya huweza kuingia ukungu. Mgonjwa hudhani ugonjwa wake umerudi, na majirani husema kwamba walimwonya. Kumbe mwale wa leza kwa muda wa dakika chache ungetosha kufungua njia ya mwanga, lau angelijua na lau mashine ingekuwapo karibu.

Hapana shaka kwamba makosa hayo hupungua pale yanapoandikwa. Kenya hiyo hiyo imetoa mfano. Katika kitengo cha macho cha Hospitali ya Kikuyu, karibu na Nairobi, madaktari walijiwekea utaratibu wa kuandika matokeo ya kila jicho walilopasua, mazuri na mabaya. Taarifa yao, iliyochapishwa mwaka 2002 katika jarida la Uingereza la tiba ya macho, ilionyesha kwamba kadiri walivyoendelea kujihesabu, ndivyo idadi ya macho yaliyoona vizuri ilivyopanda. Walichohitaji zaidi kilikuwa daftari, kalamu na moyo wa kukubali kusoma kilichoandikwa.

Somo hilo ni la nchi zote jirani. Malawi, Kenya na Tanzania zimewafundisha matabibu wasio madaktari kufanya upasuaji huu, kwa kuwa madaktari bingwa wa macho ni wachache na wengi wao huishi mijini. Huo ni uamuzi wa busara. Lakini fundi aliyefunzwa, kisha akapelekwa wilayani pasipo hadubini ya upasuaji, pasipo lenzi na pasipo mtu wa kumsaidia, hupasua macho machache kwa mwaka, na mkono wake husahau ulichojifunza. Kumfundisha mtu na kumnyima vifaa ni kupoteza fedha za umma na macho ya wananchi.

Vivyo hivyo kwa kambi za upasuaji. Kambi iliyopangwa vizuri huwafikia watu ambao hospitali haiwafikii, nayo inastahili shukrani. Lakini yako maswali ya kuuliza baada ya hotuba na picha. Nani atamwona mgonjwa wiki ya sita, wageni wakiisha kuondoka? Nani atampimia miwani? Jicho likiwa jekundu na kuuma usiku wa nne, aende wapi? Pasipo jibu, idadi ya waliopasuliwa inayotangazwa siku ya kufunga kambi ni nusu ya habari.

Wapo pia wanaosahauliwa. Katika Afrika, wanawake wenye mtoto wa jicho hupata upasuaji kwa uchache kuliko wanaume, kwa kuwa nauli na idhini mara nyingi zimo mikononi mwa mume au mwana. Bibi huambiwa kwamba uzee ndio huo, asubiri. Naye anaposubiri, mjukuu huacha shule ili amshikie fimbo, na hivyo ugonjwa wa mmoja huwanyima nuru wawili. Watoto nao hawapaswi kusubiri. Wengine huzaliwa na ugonjwa huu, na ubongo wa mtoto asiyepasuliwa mapema haujifunzi kuona, hata lenzi ikibadilishwa baadaye. Mzazi akiona weupe ndani ya mboni ya mwanawe na ampeleke hospitali mara moja, kwani weupe huo waweza pia kuwa dalili ya saratani.

Wahenga walisema, heri kufa macho kuliko kufa moyo. Msemo huo uliwafariji walioishi zama zisizo na tiba. Leo tiba ipo, na anayestahili kufa macho kwa ajili ya mtoto wa jicho hayupo. Lakini moyo wa mwananchi huuawa na upasuaji mbaya. Mzee mmoja aliyerudi kijijini akiwaona wajukuu wake huwaleta wengine hospitali kuliko matangazo kumi. Na mmoja aliyerudi na jicho lililokufa huwazuia jirani zake kwa miaka mingi, wala hawawezi kulaumiwa.

Mwaka 2030 hauko mbali. Wizara za afya zitakapotoa taarifa zao, wananchi waulize maswali mawili, si moja. Wamepasuliwa wangapi? Na katika hao, wangapi wanaona?