Tarehe zetu na tarehe za wenzetu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Baraka)



Kamati iliniomba niseme juu ya Israeli na Palestina, sababu kikao kilichopita vijana wetu walikaribia kushikana mashati kwa ajili ya Gaza. Mimi ni mtu wa shirika, siko mwalimu wa historia. Lakini niliona namna walivyogawanyika: wa makanisani walisimama na Israeli ya Biblia, ndugu zetu Waislamu wakasimama na Palestina. Kati yao hakuna aliyefika kule hata siku moja. Hasira ile yote haikutoka Gaza. Ilitoka hapa.

Tuanze na kule. Mwaka wa 1948, kwa Mwisraeli, ni mwaka wa uhuru. Wayahudi milioni 6 waliuawa Ulaya na Wanazi, na miaka mitatu kisha vita ile kuisha wakapata nchi ya kukimbilia. Mpalestina mwaka ule ule anauita Nakba, maana yake msiba mkubwa: watu karibu 700,000 walikimbia au walifukuzwa kwao. Wako wazee waliokufa kambini wangali wametunza ufunguo wa nyumba. Bamama mliotoka Nyarugusu, hapo sina haja ya kueleza. Wangapi walivuka ziwa na karatasi ya parseli imefungwa ndani ya kitenge?

Halafu ikaja tarehe 7 mwezi wa 10, 2023. Hamas na wenzao waliua watu karibu 1,200 ndani ya Israeli na kubeba mateka karibu 250. Vita iliyofuata imeua makumi ya maelfu Gaza, na watoto ni wengi sana. Uliza watu wa pande mbili vita ilianza lini: mmoja atakutajia siku ile ya mwezi wa 10, mwingine atarudi mpaka 1948. Kila mtu anaanza kuhesabu pale alipopigwa yeye.

Kulikuwa na walimu wawili wa chuo kikuu, Sami Adwan, Mpalestina, na Dan Bar-On, Mwisraeli, waliokusanya walimu wa shule wa pande zote wakaandika kitabu cha historia. Upande mmoja wa ukurasa kuna historia namna Waisraeli wanavyoisimulia, upande mwingine namna Wapalestina wanavyoisimulia. Katikati waliacha nafasi nyeupe, mwanafunzi aandike mwenyewe. Hawakuzichanganya ziwe hadithi moja. Walijua haiwezekani, na mimi nawapenda kwa hilo.

Sasa tufungue ukurasa wa Fizi, pale penye kuuma.

Upande wetu tunaujua kwa kichwa. 1996 tulikimbia, wengi tukavuka mpaka Kigoma. Mwisho wa mwezi wa 12 mwaka wa 1998, Makobola: mamia ya watu waliuawa na askari wa RCD na washirika wao. Halafu Minembwe. Tarehe 28 mwezi wa 9, 2020, waziri Azarias Ruberwa alikuja kusimika mkubwa wa komini, na sisi tukaona udongo wa machifu wetu unakatwa mchana. Siku chache kisha hapo Rais Tshisekedi akafuta jambo lile, watu wakacheza barabarani.

Upande wa Banyamulenge, wengi wetu hatujausikia mpaka mwisho. Sheria ya uraia ya 1981 iliwaacha wengi bila nchi. 1995 azimio la bunge la Zaire likatumiwa kuwahesabu wageni wa kurudishwa. Mwezi wa 9 mwaka wa 1996 watu wao waliuawa Lueba, na waliuawa Baraka. Ndiyo, Baraka hii tunamokaa. Tarehe 13 mwezi wa 8, 2004, kambini Gatumba, Burundi, zaidi ya watu 150 waliuawa usiku, wengi wao Banyamulenge. Walikuwa wakimbizi, kama sisi. Tangu 2017 vijiji vyao vimechomwa na ng'ombe wao wamenyang'anywa, na vijiji vya Babembe, Bafuliiru na Banyindu pia vimechomwa. Na komini ile ile ya Minembwe, kwao ilikuwa mahali pa kupata karatasi ya mtoto bila kushuka Fizi na woga njiani.

Wako wanaosema: basi, sisi ndio Wapalestina, wao ndio Waisraeli. Nimesikia na kule juu wako wanaojiita Israeli. Mimi sikubali. Kule kuna serikali yenye ndege za vita, na watu wasio na nchi huru yao. Hapa anayekufa ni mlimaji wa muhogo na mchungaji wa ng'ombe, na wanaowatuma vijana hao kwenye bunduki hawalali Lulenge.

Nakuja kwenye neno lililo mezani. Ukumbusho wa Makobola unakaribia, na kamati inauliza kama majina ya waliouawa Baraka mwaka wa 1996 yasomwe pia. Mzee mmoja alisema tukiyasoma tumeuza Makobola. Kwa heshima yote, mzee wangu, mimi naona yasomwe. Makobola haipungui hata mtu mmoja. Hakuna aliyesema tupime misiba kwenye mizani. Lakini tukiomba dunia iwahesabu wafu wetu, huku tunapita juu ya wafu wa mtaa wetu wenyewe, nani atatusadiki?

Sisemi mtu asamehe. Hiyo ni kazi ya aliyepoteza, siyo ya mtu wa shirika mwenye kuvaa jile.

Tuko na mama mmoja hapa ndani aliyekuwa ananunua maziwa kwa familia moja ya Banyamulenge, mbele ya vita. Anakumbuka majina yao, ya wazazi na ya batoto. Aliniambia miaka hii yote hakuna aliyemuuliza.

Daftari liko kwa katibu. Kurasa za kushoto zimeanza kujazwa majina ya Makobola. Nimeomba za kulia ziachwe nyeupe mpaka kikao cha mwezi ujao, tupige kura. Mwenye kupinga aje kusema, tutamsikiliza mpaka amalize.