Mwanafunzi wa Mbale na Haki ya Jirani

  

Habari itakayoelezwa hapa si ya Mwislamu, na huenda mtu akauliza imekuja kufanya nini katika mkutano wa Waislamu. Na asubiri kidogo.

Huko Mbale wako wenyeji wa nchi hii washikao dini ya Kiyahudi, waitwao Abayudaya. Asili yao ni Semei Kakungulu, yule jemadari wa Kiganda (asichanganywe na Mwana wa Mfalme Badru Kakungulu, aliyetoa ardhi ya Kibuli), ambaye mwaka 1919 alijitahiri yeye na wanawe, akaiacha dini ya wamisionari. Alipokufa mwaka 1928 watu wake walibaki na kitabu pasipo mwalimu. Idi Amin akawapiga marufuku. Wakasali kwa siri, na wengi wakatoka, wengine wakaingia katika Uislamu. Lakini imani iletwayo na hofu ya askari, uzito wake wajulikana. Marufuku hiyo iliondoka pamoja na Amin mwaka 1979.

Mwaka 2003 mmoja wao, Gershom Sizomu, alikwenda Los Angeles pamoja na mkewe na watoto, akasomea urabi, yaani ualimu wa dini yao, hata akahitimu mwaka 2008. Yu ugenini, kati ya Wayahudi wenye mali, angaliweza kuomba sinagogi kubwa tu. Naye alieleza pia habari za malaria na za maji machafu. Chama kimoja cha Wayahudi wa San Francisco, Be'chol Lashon, kikasaidia. Visima vikachimbwa, vyandarua vikagawiwa, na mwaka 2010 kikafunguliwa kituo cha afya cha Tobin mjini Mbale. Vyandarua havikugawiwa Wayahudi peke yao. Na ingefaa nini? Mbu akimuuma Mwislamu jioni, usiku humwendea Myahudi wala haulizi kibla.

Mwenziwe, J. J. Keki, alikuwako New York siku ile ya Septemba 11, 2001. Aliporudi alizunguka nyumba kwa nyumba, na mwaka 2004 wakulima wa kahawa wa dini tatu wakaunda ushirika wakauita Mirembe Kawomera, yaani amani tamu. Waislamu wa miteremko ya Masaba wakauza kahawa yao humo kwa bei iliyo bora.

Wako wasemao kuwa misaada ya namna hii ni mtego. Hofu hiyo si ya kipuuzi, kwani wazee wanakumbuka zama ambazo mtoto wa Kiislamu aliogopewa kupelekwa shule asije akarudi na jina jingine. Lakini katika shule za Abayudaya watoto wa Kiislamu husoma na kurudi kwao Waislamu. Tena jambo hili si geni katika dini. Sahaba Abdallah bin Amr alipochinjiwa kondoo, aliuliza, akarudia kuuliza, kama jirani yake Myahudi amekwisha kupelekewa sehemu. Hakungoja jirani abadilike kwanza. Na Chuo Kikuu cha Kiislamu, kilichofunguliwa Mbale mwaka 1988, nacho huwapokea wasio Waislamu.

Mwaka 2016 watu wa Bungokho Kaskazini, ambao walio wengi ni Wakristo na Waislamu, walimchagua rabi huyo kuwa mbunge wao, akakaa mpaka mwaka 2021.

Vijana wangapi wametoka Kampala kwenda Madina, Kairo na Khartoum, wakarudi na shahada zilizotiwa fremu ukutani? Elimu yao ni tukufu, wala hapana azidharauye. Ila ni wangapi waliowaeleza wenyeji wao wa huko habari ya kisima? Basi kabla kijana mwingine hajapewa nauli na chama hiki, na aulizwe maji ya kijijini kwao yachotwa wapi, na ni nani achotaye pamoja na mama yake.