Sauti Inayomngoja Msikilizaji

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Ushirika mbele ya makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi)



Nimeombwa nizungumze juu ya podikasti, yaani vipindi vya sauti ambavyo msikilizaji huvipata kwa njia ya intaneti na kuvisikiliza wakati autakao mwenyewe. Huenda baadhi yenu mnajiuliza, mkaguzi wa vitabu ana shughuli gani na jambo hili? Kazi yangu ni kuuliza ni nani ashikaye daftari. Katika jambo hili pia, swali ni lilo hilo.

Tuanzie nyumbani. Wazee mliomo humu mnaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wazima wapatao 2,000,000 walikutana katika vikundi, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasoma kitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua la kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani kuzunguka nyumba, kuondoa maji yaliyotuama. Mafanikio yale hayakuletwa na redio peke yake, bali na redio pamoja na kikundi. Hata hivyo, redio ilikuwa na upungufu mmoja: saa iliipanga yenyewe. Aliyekuwa kisimani saa ile, kipindi kilimpita.

Upungufu huo ndio uliotafutiwa dawa huko Marekani. Mnamo mwaka 2000 na 2001, Dave Winer aliupanua mfumo uitwao RSS, uliokuwa ukipeleka habari za maandishi, ili uweze kubeba pia faili la sauti. Mwaka 2004 mwandishi Ben Hammersley, katika gazeti la The Guardian la Uingereza, alilitaja jina "podcasting", nasi tunasema podikasti. Mwezi wa Juni 2005 kampuni ya Apple iliviingiza vipindi hivi katika programu yake ya iTunes, na mwaka 2014 masimulizi ya Serial yakavipatia wasikilizaji wengi mno.

Jambo la kuangaliwa ni jinsi mfumo huo ufanyavyo kazi. Mwenye kipindi huweka sauti mahali pake, pamoja na orodha ya vipindi vyake. Msikilizaji huijua anwani ya orodha hiyo, na simu yake huenda kuitazama yenyewe. Katikati hapana bwana anayeamua nani asikie na nani asisikie.

Lakini makampuni makubwa yameingia. Mwaka 2019 Spotify ilizinunua kampuni za Gimlet na Anchor, na baadhi ya vipindi vikafungiwa ndani ya programu yake tu. Mwaka 2024 Google iliifunga programu yake ya Google Podcasts. Wenye vipindi waliokuwa na anwani yao wenyewe waliendelea kusikika kwingineko. Aliyeweka mazao yake yote katika ghala la mtu mwingine, siku mlango ukifungwa hubaki nje.

Nitawapa mfano wa karibu. Miaka michache iliyopita nilikagua chama kimoja cha msingi, ambacho sitakitaja. Wanachama walidai kwamba katika mkutano mkuu waliahidiwa malipo ya pili ya kahawa kwa kiwango fulani, viongozi wakakana. Muhtasari ulisema tu, "Suala la malipo lilijadiliwa." Maelezo yale yalikuwa yamerekodiwa kwa simu na kutumwa kwa wanachama. Lakini simu ilikuwa ya mtu binafsi, naye alikwisha kuhama. Wengine walikuwa wameifuta sauti ile ili wapate nafasi katika simu zao. Nilifunga taarifa yangu bila kujua ni nani aliyesema kweli. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Sauti nayo ni mali.

Na siku zijazo hatari itakuwa kubwa zaidi. Mashine za leo zaweza kuiga sauti ya mtu hata mkewe asitambue. Sauti ya Mwenyekiti ikitangaza bei ya uongo, mkulima ataihakikishia wapi, ikiwa chama hakina mahali pake panapojulikana?

Kwa hiyo, Ndugu Makatibu, kabla Chama Kikuu hakijaanza vipindi vyake, naomba tukubaliane mambo matano.

Kwanza, rekodi ya asili iwe mali ya chama, ihifadhiwe mahali pawili, na iandikwe daftarini: tarehe, msemaji, mada na urefu wake. Pili, anwani ya vipindi iwe kwa jina la chama. Programu za makampuni tuzitumie kama gulio la kuuzia, si kama ghala. Tatu, sauti isichukue nafasi ya muhtasari ulioandikwa na kutiwa sahihi, wala deni la mwanachama lisitangazwe humo. Nne, tuwaulize kwanza Mamlaka ya Mawasiliano, kwa kuwa tangu mwaka 2018 zipo kanuni za maudhui ya mtandaoni zinazohusu leseni. Tano, turudishe vikundi vya kusikiliza. Mazungumzo ya nusu saa, yakirekodiwa kwa kilobiti 32 kwa sekunde, huwa na uzito wa megabaiti 7 hivi. Simu moja yaweza kuyachukua, na watu kumi wakayasikiliza chini ya mwembe, wakaulizana, wakaamua.

Redio ilitufundisha kukutana. Podikasti inatupa nafasi ya kumngoja aliyechelewa. Lakini asiyeshika daftari la sauti yake, kesho ataambiwa hakusema aliyoyasema, au amesema asiyoyasema.