Simu Yako Imesasishwa: Je, Adhana Bado Inalia?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake.

Ama baad. Ndugu zangu vijana, na ninyi wazazi wetu mnaosoma ukurasa huu, iwe mko Nyeri mjini, Karatina, Nanyuki, Embu au Meru, mada ya leo inaenea kwenye kiganja cha mkono, lakini karibu kila nyumba inayo. Ni ule ujumbe unaotokea kwenye simu: kuna toleo jipya, sasisha sasa. Vijana wanaita apdeti. Wengine hubonyeza bila kusoma, wengine huogopa na kuahirisha mwaka mzima. Na kila apdeti kubwa ikipita, malalamiko ni yale yale: chaji haikai, storeji imejaa, vitufe vimehamishwa, na kubwa zaidi katika mwezi huu, adhana ya simu hailii.

Hebu tuanze na hilo la adhana. Sisi wa huku mlimani hatuko kama wenzetu wa pwani. Mtu wa Mji wa Kale, Mombasa, akiikosa adhana ya msikiti huu ataisikia ya msikiti ule. Lakini wewe uliyepanga chumba mbali na mji, au unayesoma chuo na kulala hosteli, au dada yetu anayefungua duka Othaya na kulifunga usiku, muadhini wako wa kila siku ni simu. Ikinyamaza, daku imekupita. Kwa hiyo si mchezo.

Sasa mbona inanyamaza? Wengi husema apdeti imeiharibu. Ukweli ni kwamba mara nyingi programu ni nzima, ila imenyang'anywa ruhusa. Watengenezaji wa Android wamekuwa wakikaza masharti toleo baada ya toleo. Android 10, mwaka 2019, ilikupa uwezo wa kuiruhusu programu ijue mahali ulipo wakati unapoitumia tu. Android 12, mwaka 2021, ilileta ruhusa maalumu kwa programu zinazotaka kulia kwa dakika kamili, na katika Android 14, mwaka 2023, programu nyingi mpya unazoweka hazipewi ruhusa hiyo mpaka uitoe mwenyewe. Android 13, mwaka 2022, ilizitaka programu zikuombe kwanza kabla ya kukuletea arifa. Ukibonyeza "Usiruhusu" kwa haraka haraka, umeifunga mdomo adhana kwa mkono wako.

Na lipo moja linalotuhusu sisi hasa. Kuanzia Android 11, mwaka 2020, programu usiyoifungua kwa miezi kadhaa huvuliwa ruhusa zake yenyewe. Mwisho wa 2021 Google ilianza kupeleka jambo hilo hata kwenye simu za zamani, mpaka Android 6. Sasa jiulize, ni programu gani ambayo wengi wetu huifungua mwezi mmoja na kuiacha miezi kumi na moja? Jawabu unalo. Ramadhani inaingia, unaiamsha, nayo haina tena ruhusa ya kujua uko wapi.

Utasema, kuna hasara gani? Sikiliza hesabu hii. Tuseme mara ya mwisho programu yako ilijua mahali ulipo ulikuwa Mombasa, umekwenda kuwatembelea jamaa. Ukarudi Nyeri, lakini programu imebaki kule. Mombasa iko karibu digrii 39.7 mashariki, na Nyeri karibu digrii 37. Dunia huzunguka digrii moja kila dakika 4. Tofauti yake ni dakika kama 11, na huongezeka au kupungua kwa dakika kadhaa kulingana na majira ya mwaka. Jua linazama Mombasa kwanza, kisha linazama Nyeri. Maana yake, simu inaadhini Magharibi, wewe umeshika tende, na jua la Nyeri bado halijazama! Umefunga tangu Alfajiri, ukashinda na kiu sokoni Karatina, kisha ukafuturu kabla ya wakati kwa sababu ya kitufe kimoja. Je, si inauma?

Basi tuseme hatusasishi tena? Hapana, ndugu zangu. Huko ni kukimbia mvua na kuangukia mtoni. Apdeti haziletwi kwa ajili ya kubadilisha rangi na vitufe tu. Julai 2015 kampuni ya Zimperium ilitangaza kasoro ya Android iliyopewa jina la Stagefright, ambayo ilimwezesha mwizi kuingia ndani ya simu kwa kutumia ujumbe wa video tu. Kuanzia Agosti mwaka huo huo Google ilianza kutoa marekebisho ya usalama kila mwezi. Agosti 2020 kampuni ya Upstream ilieleza kwamba ilikuta programu hasidi katika simu za aina ya Tecno W2 zilizouzwa katika nchi kadhaa za Afrika, jirani zetu Ethiopia wakiwemo. Programu hizo zilikuwa zikiwaandikisha watu huduma za kulipia bila wao kujua, salio linayeyuka. Mtengenezaji alisema hitilafu hiyo iliingizwa na mtu wa kati, na dawa aliyoitoa ilipitia njia hii hii ya kusasisha. Sisi Kenya tumeweka pesa ndani ya simu tangu M-PESA ilipoanza Machi 2007. Anayekataa marekebisho ya usalama ni kama mwenye duka aliyeletewa kufuli bure akasema ataifunga Idi ikipita.

Tena kubaki nyuma kuna mwisho wake. Oktoba 2023 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye simu zenye Android ya chini ya toleo la 5. Mzee ambaye simu yake ilimtosha kupokea picha za wajukuu alijikuta yuko nje ya kundi la familia, na hakuna alichokosea.

Lakini tuwe waadilifu. Wanaolalamika kwamba apdeti imefanya simu kuwa nzito, si wote wanaokosea. Desemba 2017 kampuni ya Apple ilikiri kwamba programu yake ilipunguza kasi ya iPhone zenye betri iliyochakaa, ikaomba radhi na kushusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29. Ufaransa iliitoza faini ya yuro milioni 25 mwaka 2020 kwa sababu haikuwaambia wateja. Angalieni kosa lililoadhibiwa. Ni kukaa kimya, kumbadilishia mtu mali yake bila kumweleza. Kwa hiyo mtu akikwambia simu yake haiko kama jana, usimcheke. Msikilize kwanza, kisha mtazame pamoja kilichobadilika.

Baada ya maneno hayo, haya ndiyo ninayokusihi ufanye.

Kwanza, chagua wakati. Usianzishe apdeti kubwa saa moja kabla ya futari, wala usiku wa kuamkia safari. Chaji iwe ya kutosha, na tumia Wi-Fi ukiweza, maana apdeti kubwa inaweza kumaliza bando la wiki nzima kwa mkupuo mmoja.

Pili, hifadhi vitu vyako. Namba za watu, picha, na mazungumzo ya WhatsApp viwe na nakala kwenye akaunti yako. Mara nyingi hakipotei kitu, lakini sauti ya marehemu bibi iliyo ndani ya simu hiyo haiuzwi kwa fundi yeyote.

Tatu, simu ikiwaka tena, ingia kwenye Mipangilio, fungua programu ya nyakati za swala, kisha kagua ruhusa zake. Arifa ziwe wazi. Ruhusa ya kengele iwe wazi. Mahali paonyeshe mji ulipo, si mji uliopitia. Na pale kwenye betri, iondoe kwenye orodha ya programu zinazozimwa ili kuokoa chaji. Halafu linganisha Magharibi ya simu na ratiba ya msikiti wa mji wako. Zikipishana, shika ratiba ya msikiti, kisha urekebishe simu.

Nne, jihadhari na apdeti za uongo. Apdeti ya kweli inapatikana ndani ya Mipangilio au kwenye duka la programu la simu yako. Haiji kwa kiungo ulichotumiwa na mtu usiyemjua, wala haikuombi PIN ya M-PESA. Ukiombwa PIN ili simu isasishwe, huyo ni mwizi, mkatie.

Mwisho nawageukia vijana. Mzazi wako akisema, "Mwanangu, hii simu imekuwaje?", usimnyang'anye mkononi, ukabonyeza mara tano kwa dharau, ukamrudishia bila neno. Hapo umeitengeneza simu na yeye umemwacha gizani. Keti naye. Mwonyeshe pole pole, umwache abonyeze mwenyewe, arudie mpaka aelewe. Nanyi wazazi wetu, msione haya kuuliza. Ugeni huu umetufikia sote, mwenye shahada na asiye nayo.

Leo baada ya tarawehe, kabla hujalala, chukua dakika tano ukague simu yako, kisha ya mama, kisha ya jirani anayeishi peke yake. Huenda kuna mtu katika mtaa wenu atakayeamka kula daku kesho kwa sababu wewe ulifungua ruhusa moja.

Mwenyezi Mungu azikubali funga zetu na atuzidishie elimu yenye manufaa. Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.