Bakteria Wema Tumboni mwa Kichanga

Leo tunazungumza na mama aliyejifungua karibuni, na bibi anayemsaidia kulea.

Mtoto akizaliwa, bakteria huanza kuingia tumboni mwake papo hapo: kutoka njia ya uzazi, ngozi ya mama, maziwa. Lau kinga yake ingewashambulia wote, utumbo ungekuwa na uvimbe na maumivu kila siku. Haiwashambulii, kwa sababu inafundishwa. Katika wiki na miezi ya mwanzo, seli za kinga ziitwazo seli T za udhibiti hujifunza kuwavumilia bakteria hao na kuzituliza seli nyingine.

Mwalimu mkubwa ni maziwa ya mama. Yale ya kwanza, mazito ya manjano, yaani dang'a, yamejaa kingamwili za IgA, zinazowashika bakteria wasipenye ukuta wa utumbo. Kuna pia sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Hizo ni chakula cha bakteria wema waitwao bifidobakteria. Hilo hunistaajabisha kila nikilifikiria: mama ananyonyesha mwanawe, na hapo hapo analisha bakteria wake.

Kwa hiyo bibi, tunakuomba, dang'a isikamuliwe ikamwagwa. Mtoto anyonye ndani ya saa 1 baada ya kuzaliwa, bila maji wala uji hadi miezi 6. Antibayotiki huua hata bakteria wema. Mtoto apewe tu akiandikiwa na mtaalamu wa afya. Nawe mama uliyejifungua kwa upasuaji, mwombe mkunga akuwekee mtoto kifuani mapema. Unaweza kunyonyesha.