Mwenye Nyumba Aulizwe Kwanza

(Maneno yaliyotolewa mbele ya vijana wa Lodwar na Kakuma waliokutana Lokiriama. Tumeyaandika yalivyosemwa, tukayapunguza kidogo.)

Poleni na safari. Nyinyi wa Kakuma najua mmekula vumbi kutushinda sisi wa Lodwar.

Tumekuja kuongea juu ya nyumba za maskini na pesa za mataifa. Mtu akaniuliza jana, mbona tuongelee Lokiriama, mahali ambapo hata ghorofa hakuna? Nikamwambia ni kwa sababu hapa, mwaka 1973, Waturkana na Wamatheniko wa upande wa Uganda walizika silaha ardhini, wakakubaliana kuacha kuuana na kuchunga pamoja. Walioketi chini walikuwa wenye mifugo wenyewe, waliokuwa wamewazika watoto wao wenyewe. Ndiyo maana kila Septemba watu wa pande zote mbili bado wanarudi hapa kuukumbuka mkataba ule. Marais wa Kenya na Uganda walitia saini makubaliano yao ya amani ya mpakani kule Moroto mwaka 2019. Wazee walikuwa wametangulia kwa miaka 46!

Sasa twende Kakuma. Kambi ilianza 1992, wakati vijana waliokimbia vita vya Sudan walipofika kwa miguu. Miaka na miaka nyumba ya mkimbizi ilikuwa miti na turubai, na jua la Turkana mnalijua, turubai halimalizi misimu mingi. Halafu ikaja Kalobeyei, jirani tu na kambi. Mwaka 2015 kaunti na jamii ya Waturkana walikubali kutoa karibu hekta 1,500. UNHCR wakaingia, UN-Habitat, Umoja wa Ulaya, Japani, Benki ya Dunia. Nia ilikuwa nzuri: isiwe kambi tena, iwe makazi ambayo mgeni na mwenyeji wanatumia shule moja, hospitali moja, soko moja. Hata Shigeru Ban, mchoraji majengo wa Japani aliyepata tuzo ya Pritzker mwaka 2014, yule anayejengea watu wa majanga nyumba za mabomba ya karatasi ngumu, aliombwa na UN-Habitat achore nyumba za Kalobeyei.

Lakini mimi, kilichonigusa zaidi si michoro. Zamani shirika lilikuwa linatafuta kontrakta, kontrakta anajenga, mkimbizi anakabidhiwa ufunguo. Baadaye UNHCR wakajaribu njia nyingine pale Kalobeyei: pesa ya ujenzi ikaingia kwenye akaunti ya benki ya familia yenyewe, kwa awamu, na fundi wa kusimamia akawepo. Familia inachagua fundi wake, inanunua matofali na mabati, inabishana bei. Nyumba ikiwa mbovu, unajua mlango wa kwenda kugonga. Mama aliyekaa miaka kumi akipewa kila kitu kwa foleni, leo anamwambia fundi, bomoa ukuta huu, umepinda. Hebu fikirieni hilo.

Na sisi Waturkana tusijifanye ni jambo geni. Kwetu nani hujenga? Ni mama. Bibi yangu alijenga akai yake kwa mikono yake, miti aliikata mwenyewe na makuti ya mkoma akayasuka mwenyewe. Upepo unapita, mchana unakaa chini ya ekol, kuna kivuli. Ukiingia nyumba ya mabati saa nane mchana hapa kwetu, wallahi utatoka mbio. Kwa hiyo mtaalamu akija na mchoro wake, kabla hajafungua laptopu aulize akina mama nyumba yao inapumuaje.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Ile nyumba ya Kalobeyei ina ukuta imara, lakini ardhi chini yake si ya mkimbizi. Na mwenyeji je? Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya nyumba inayofaa. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema jamii ikijisajili inashika ardhi yake yenyewe. Isipojisajili, kaunti inaishika kwa niaba yake. Maana yake, kama hujajisajili, siku ya kugawa hekta nyingine utaalikwa kwenye mkutano kupiga makofi.

Halafu kuna hizi nyumba nafuu za serikali. Sheria ya 2024 inakata asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Sawa. Lakini mchungaji wa hapa hana payslip. Anauza mbuzi mmoja leo, pengine wa pili baada ya miezi mitatu. Atalipaje nyumba kila mwezi? Mpango wa namna hiyo haukumfikiria yeye, tuseme ukweli.

Na pesa za nje zinakatika. Mwaka 2025 Marekani ilifunga USAID, na wenzetu wa Kakuma waliona chakula kikipunguzwa mpaka watu wakaandamana. Ikiwa unga wenyewe umepungua, nani ataleta matofali? Hata sisi misikitini tujiulize. Mfadhili akitoka ng'ambo tunamwonyesha kiwanja cha msikiti na kisima, kwa sababu vina picha nzuri na jiwe la jina. Chumba kimoja cha mjane hatumwonyeshi. Waqfu ya nyumba ni jambo la zamani sana katika Uislamu, sijui tumeliachia wapi.

Ninachowaomba ni kidogo. Kila mmoja akirudi, aende kwa chifu aulize kama jamii yake imesajiliwa chini ya sheria ya 2016, na kama bado, nini kinakwamisha. Nyinyi mnaoishi Kalobeyei, tuleteeni habari za nyumba zilizojengwa kwa pesa ya familia: zipi zimesimama, zipi zimepasuka, fundi alilipwaje. Tukiwa na hayo mkononi, mtu wa Nairobi au wa Geneva hawezi kutuambia tu habari zetu.

Basi. Yule dada wa nyuma aliinua mkono hata kabla sijaanza. Aanze yeye kuuliza.