Mkuyu wa Mtoni



Leo tuutazame mti ambao wengi wetu huupita twendapo kuteka maji. Ni mkuyu. Mara nyingi hakuna aliyeupanda. Makuyu hushikana vichala vichala juu ya shina na matawi manene, hata yakaiva. Mtu mzima akipasua moja, akaona vidudu, hulitupa. Watoto wachungao mbuzi hawatupi. Hupuliza vidudu, wakala. Yanayoanguka ni ya mbuzi.

Vidudu vile ni nyigu wadogo mno, na ndio wanaochavusha maua yaliyofichika ndani ya tunda. Katika Misri na nchi ya Israeli nyigu hao hawakuwako, basi watu walipanda mtini wakachanja tunda moja moja kwa kisu ili liive. Kazi ya kuchosha kweli! Walimu wengi wa Kiebrania hueleza kwamba ndiyo kazi aliyoifanya nabii Amosi, yule aliyemjibu kuhani Amazia kuwa yeye ni mchungaji na mtunza mikuyu.

Wala mti huu haukudharauliwa. Someni Mambo ya Nyakati ya Kwanza, sura ya 27. Mfalme Daudi alimweka Baal-hanani kuwa msimamizi wa mizeituni na mikuyu. Chakula cha maskini kiliwekwa pamoja na mali ya mfalme! Habari hiyo hunifurahisha kuliko ile ya Zakayo, ambayo mmeisikia tangu shule ya Jumapili.

Lakini katika Isaya, sura ya 9, watu wa Samaria wanajivuna: mikuyu ikikatwa si neno, wao watapanda mierezi. Mierezi yetu sisi ni mikalatusi na chai. Marehemu Profesa Wangari Maathai alieleza, katika kitabu chake cha mwaka 2006, habari za mti mkubwa wa jamii hii ya mkuyu karibu na kwao. Mwenye shamba mpya aliukata apate nafasi ya chai. Kijito alichokichezea Profesa utotoni kikakauka.

Najua yuko msikilizaji ambaye karo ya mtoto imemkaba, na nguzo za mikalatusi zina soko. Sikulaumu, ndugu yangu. Ila mkalatusi hunywa maji mengi; upande kule juu, mbali na chemchemi, nao mkuyu uache mtoni. Na kama shamba ni la urithi, keti kwanza na ndugu zako. Waiteni pia akina mama wanaoteka maji pale, na wakisema wasikatizwe.

Tuombe. Ee Bwana, mkumbuke huyu aliyeshika shoka asubuhi hii, pamoja na karo anayodaiwa. Amina.